Kiingereza cha Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 2 Februari 1976

Mvua tangu alfajiri. Nimefika stesheni ya Kindu viatu vimejaa maji. Orodha ya mabehewa ya Kibombo nimeipiga chapa mara mbili, kaboni imekwisha wino. Sukari hakuna. Chai chungu.

Saa nne shefu wa stesheni, mkuu wetu, alibandika tangazo. Anatakiwa karani mmoja wa kwenda Ndola, Zambia, kukaa kule na kufuatilia makaratasi ya mizigo yetu. Tangu njia ya Angola ifungwe, mizigo mingi inapita kule. Masharti: miaka kumi ya kazi, mwandiko safi, na Kiingereza cha kusema kwa mdomo. Mtahini atakuja kutoka Ndola tarehe 24.

Miaka ya kazi ninayo kumi na minne. Mwandiko ninao. Kiingereza sina hata cha kuombea maji.

Nimeandika jina hata hivyo. Kazadi, karani wa daraja la tatu. Nimechoka na hilo daraja la tatu. Nimelichoka kabisa.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata kitabu cha sarufi. Kiliachwa na padri mmoja aliyerudi Ulaya, mende wamekula jalada. Nimeanza na kitenzi cha kwenda, maana ndicho ninachokitaka: kwenda.

Leo ni *go*. Jana ni *went*. Na ukiwa umeshaondoka, *gone*.

*Went* imetoka wapi? Haifanani na *go* hata kwa ukucha. Mimi nilikuwa nimeshajiandalia *goed*, nikaona nimemaliza. Kwetu kwenda ni kwenda: ninakwenda, nilikwenda, nitakwenda. Kisha nikakumbuka Kifaransa nacho kina kichaa hicho hicho, na sisi tulichapwa shuleni mpaka tukakizoea. Labda neno likitumiwa sana huchakaa na kuungwa kwa kipande cha kitu kingine, kama kitasa cha mlango wa ghala letu.

Lakini linatamkwaje? Kitabu hakisemi. Nimekaa nikijaribu kwa sauti. Mke wangu Ngalula alikuwa anachagua mchele, akacheka.

"Mama anajua hiyo yote. Haukumbuke alitumika ku lopitalo ya Ndola myaka tisa?"

Nimemwambia hospitali haifundishi sarufi, achague mchele wake.

Ijumaa, 6 Februari

Siku mbili nalifikiria jambo lile lile. Mama mkwe.

Sijawahi kumtazama usoni. Ndiyo mila yetu sisi tuliotoka Kasai. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Ukimwona anakuja njia hii, unashika ile. Kusema naye kwa mbali unaruhusiwa, ila uinamishe kichwa, na kiwepo kitu katikati yenu. Haya hii huondolewa kwa mbuzi. Mkwe anampeleka, anapikwa, mama anamlisha mkwe tonge moja kwa mkono wake, basi, mmekuwa mama na mtoto.

Baba yangu hakumtoa mbuzi huyo mpaka akafa. Mimi pia sijamtoa. Miaka kumi na moja ya ndoa, watoto wanne, na kila mwaka nasema mwakani. Heshima haichakai, ndivyo ninavyojiambia.

Mama mkwe namjua kwa kikohozi na kwa nyayo. Mwaka juzi alipokuja kutusalimu nilimwona ghafla karibu na soko la Kasuku. Nilijitupa mtaroni nikiwa na abakosti mpya, koti letu la heshima lisilo na tai. Wauza dagaa walishangilia. Yeye aligeukia ukuta, akasimama hapo mpaka nilipotoka na matope yangu.

Tangu mwaka jana anakaa Mikelenge kwa mwanawe Mutombo, fundi wa injini kwenye karakana yetu. Si mbali. Zimebaki siku kumi na nane.

Nimemwambia Ngalula akamwulize.

Jumapili, 8 Februari

Somo la kwanza.

Nyumba ya Mutombo ina sebule na chumba cha ndani. Mlangoni wametundika kitenge cha kijani. Mama ndani ya chumba, mimi sebuleni, kiti changu kimeelekezwa ukutani. Ngalula katikati, anashona. Nilisikia kikohozi, nikatoa salamu kwa ukuta.

Nilisema sentensi yangu ya kwanza. Jana nilikwenda sokoni. Nikaiweka *goed* kwa mazoea.

"Haiko *goed*, mutoto. Njo *went*. Sema tena."

Nikasema tena. Akanirudishia mara kumi na tisa, nilihesabu. Hana haraka. Sauti yake ya Kiingereza ni nyingine kabisa, nyepesi, ya msichana. Nilishangaa kwamba mtu wa kikohozi kile ana sauti ile.

Nimerudi nyumbani na jasho. Shingo inauma kwa kuinama. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 10 Februari

Somo la pili. *Go* kwa kila siku. *Goes* akiwa mtu mmoja anayesemwa. *Going* kwa jambo linaloendelea, na pia kwa jambo ambalo bado. Mvua itanyesha, mtoto atazaliwa: yote kwa *going*. Nimejaza kurasa sita.

Mutombo amenichekea karakanani. Anasema mkwe wa watu anasoma kama mtoto wa katekisimu. Acheke.

Alhamisi, 12 Februari

Leo mama mkwe alisema zaidi ya kawaida.

Ndola alikuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi. Mume wake, marehemu, alikuwa kwenye migodi. Hakuna aliyemfundisha Kiingereza. Alikiokota pamoja na takataka, neno moja moja, na usiku alimrudishia Ngalula mdogo mgongoni. Kila asubuhi sista mkubwa alipita akisoma vitanda. Kitanda cha nne: *gone*. Kazi yake ilikuwa kuondoa mashuka.

Neno lilikuwa moja tu, kwa mama aliyekwenda nyumbani na mtoto wake na kwa mama aliyekufa usiku.

Nikamwuliza, uso ukutani: sasa ulijuaje?

"Nilikuwa namuangaliaka sista ku uso."

Basi. Akarudi kwenye mazoezi. Ngalula aliacha kushona kidogo. Mimi nimeandika kwenye daftari: *gone*, angalia uso. Kama kanuni nyingine yoyote.

Jumamosi, 14 Februari

Salongo. Wafanyakazi wote wa stesheni tumefyeka nyasi za reli kwa lazima ya kila Jumamosi. Jua kali baada ya mvua, mbu hadi ndani ya masikio. Nilikuwa nafyeka kwa mpigo: *go*, panga juu; *went*, panga chini; *gone*, nyasi imelala. Inasaidia sana.

Msimamizi wa chama, anayemwita kila mtu mwananchi kwa Kifaransa, akanijia.

"Sitwayeni, wimbo gani ile? Haiko ya chama."

Nikamwambia ni wa kuhesabia nyasi. Akasimama akisikiliza, kisha akaniamuru niuimbe kwa nguvu ili na wengine wafuate. Watu thelathini wamefyeka kwa kitenzi cha Kiingereza mpaka saa sita. Sijacheka hivyo tangu Krismasi.

Jumatano, 18 Februari

Somo la sita. Naweza kueleza safari ya behewa kutoka Kindu mpaka mpakani bila kusimama. Mama mkwe anaguna pale ninapokosea, siku hizi anaguna mara chache.

Jambo moja dogo. Nilichukua fomu ya mizigo ya Kiingereza kutoka ofisini nikaipitisha chini ya pazia, ili aniulize maswali. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha fomu ikarudi imegeuzwa juu chini, akasema nimsomee mimi mwenyewe kwa sauti, maana mtihani ni wangu na yeye hajaomba kazi. Ana akili. Ananizuia nisimtegemee.

Ngalula alinitazama kama anayetaka kusema kitu. Akainama kwenye sindano yake.

Jumatatu, 23 Februari

Kesho.

Nimepiga pasi abakosti. Nimekariri mpaka kichwa kinavuma. Mama mkwe ameniambia kwa pazia kwamba yupo tayari kunipa cheti yeye mwenyewe. Nimelala na kuamka na Ndola. Nyumba ya matofali. Daraja la kwanza. Watoto wenye viatu. Nayataka haya yote na sioni aibu kuyaandika.

Jumanne, 24 Februari

Nimejifedhehesha.

Niandike kwa utaratibu. Mtahini ni mtu mrefu, mpole, amevaa tai. Hapa kwetu tai zimekatazwa miaka sasa, makarani wote walimkodolea shingo. Tulikuwa watatu. Wa kwanza alijua salamu tu. Wa pili alianza kulia. Mimi wa mwisho.

Ameketi nyuma ya meza ya shefu, shefu pembeni. Akaniuliza jina langu kwa Kiingereza, akanitazama machoni. Ulimi ukafa. Kabisa. Nilifungua mdomo ukatoka upepo. Maneno yote ninayo, nayasikia yamepangana kichwani, lakini kila nikimwangalia yule mtu yanakimbia. Kiingereza kwangu kimekuwa lugha ambayo hutazami mtu ukiisema. Kumtazama ni utovu wa adabu. Mwili wangu unajua hivyo, haukuniuliza.

Basi nikageuka. Niliuona ukuta, nikainamisha kichwa, na maneno yakaja kama maji. Nikamsalimu. Nikamwuliza kama amelala vizuri, kama maumivu yamepungua, kama amepata haja kubwa. Nikamwita mpenzi wangu. Nikamwambia asiogope, asukume taratibu, kila kitu kitakwenda salama. Ndivyo nilivyofundishwa kusalimu! Wodini wanasalimiana hivyo! Kisha nikaeleza mizigo, mabehewa, mpaka, mihuri, *go* na *went* na *gone* kila moja mahali pake, dakika kumi nzima, nikiwa nimempa mgongo.

Shefu akapiga kelele:

"Kazadi! Muntu iko hapa, haiko kule ku ukuta!"

Sikuweza kugeuka. Nilijaribu. Nikigeuka nanyamaza.

Mtahini alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akasema na mimi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha makarani wake, ila ni cha mkunga. Hawezi kumpeleka Ndola mtu anayewapa watu mgongo. Forodhani watadhani anaficha kitu. Anakwenda kukagua njia mpaka Kibombo. Anarudi tarehe 8 Machi. Nikiweza kusema nikimtazama, kazi yangu. Nisipoweza, atatafuta mtu Lubumbashi.

Stesheni nzima inaniita Mkunga.

Jumatano, 25 Februari

Sikutoka mezani. Wapakiaji wawili wamekuja dirishani wakishika matumbo, wakilia uchungu wa kuzaa.

Nimejaribu kusema Kiingereza na Ngalula tukitazamana. Hapana. Na kioo. Hapana. Na kuku. Kwa kuku niliweza kidogo.

Alhamisi, 26 Februari

Nimekesha nikifikiri. Nimeona hivi: ulimi wangu umefungwa pale pale ulipofunguliwa. Ile lugha niliipokea kwa mtu mmoja, na mtu huyo sijaruhusiwa kumtazama. Nikimtazama yeye, nitaweza kumtazama yeyote.

Na njia ya kumtazama naijua miaka kumi na moja.

Nilijiita mwenye heshima. Nilikuwa mvivu, na mwoga. Mama ametoka kitandani mwake mara saba kunifundisha bila kuomba hata chumvi, na mimi mbuzi wake bado ni wa mwakani. Aibu hii ni kubwa kuliko ya juzi.

Nimemwambia Ngalula. Nilidhani atafurahi. Akalia kwa muda mrefu, akasema jambo moja tu, nifanye haraka. Sikumwelewa. Asubuhi Mutombo atanisindikiza ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa mfugaji mmoja.

Ijumaa, 27 Februari

Mbuzi jike, mweupe, kiuno chenye doa. Amevuka Lualaba katika mtumbwi akipiga kelele njia nzima, amenikojolea. Mutombo anasema ni baraka.

Jumapili, 29 Februari

Nitaandika tu.

Walikuja wazee wawili wa kwetu Kasai wanaofanya kazi kwenye reli. Mbuzi alipikwa uani kwa Mutombo. Mzee mmoja alisema maneno yanayosemwa, kwamba njia iliyokuwa na miiba imefyekwa. Niliketi kwenye mkeka, kichwa chini. Pazia la kijani likavutwa. Nikaziona nyayo zile ninazozijua, Ngalula amemshika mkono. Nilidhani ni kwa ajili ya sherehe.

Wakasema: inua uso.

Nikainua.

Ni mwanamke mdogo wa mwili kuliko kikohozi chake. Ana kidevu cha Ngalula. Na macho yake yote mawili ni meupe, kama maji ya mchele. Alikuwa anatazama karibu na sikio langu.

Sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Fomu iliyorudi juu chini. Ngalula na sindano yake. Haoni. Mutombo akasema ni miaka miwili sasa tangu ukungu uanze jicho moja, na mwaka jana ukahamia la pili. Nyumba nzima ilijua, hata wanangu walijua. Mama alikataza. Mkwe asisikie, atamhurumia, na yeye hataki kuhurumiwa na mwanamume ambaye hajawahi kumwona. Na mimi ningejuaje? Kazi yangu ilikuwa kutomtazama. Nimeifanya vizuri sana.

Nilimkasirikia Ngalula. Nikajikasirikia zaidi. Siku ile sokoni, nilipojitupa mtaroni, alikuwa bado anaona. Ningesimama angeniona. Jicho moja lilikuwa bado zima. Nalirudia hili toka mchana, na halitengenezeki.

Akachukua tonge, bugali na kipande cha ini, akanyoosha mkono. Ulikwenda pembeni. Nikausogelea kwa mdomo. Nikala. Wazee wakapiga makofi.

Halafu hakuondoa mkono. Alinishika kidevu, akapanda shavuni, puani, kwenye kovu la paji la uso, masikioni. Taratibu, kama anayemkagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Kumbe njo weye," akasema.

Nililia mbele ya wazee. Sijali.

Jumanne, 2 Machi

Somo jipya. Tumekaa uani, magoti kwa magoti, hakuna pazia. Mara ya kwanza shingo yangu ilijiinamia yenyewe. Akaigundua kwa sauti yangu, akasema nainama, niinuke. Ana masikio ya ajabu.

Nimesema: jana nilikwenda kazini. Nikimtazama. *Went* ikatoka nzima.

Watu wanasema ni rahisi kumtazama asiyeona. Si kweli. Hana cha kumkinga, na wewe huna pa kujificha.

Alhamisi, 4 Machi

Amenifundisha salamu za wanaume. Alikuwa akizisikia kwa madaktari. Amecheka sana kuhusu haja kubwa, Ngalula alimpa maji.

Tumekula pamoja, mihogo na samaki. Nilimtolea miiba ya samaki. Alijifanya hakugundua, nami nikajifanya sikutoa.

Jumatatu, 8 Machi

Mtahini amerudi na tai ile ile, ina vumbi la Kibombo. Nilimtazama tangu mlangoni. Macho yake yana wekundu kidogo, mtu mchovu. Ulimi haukufa safari hii. Nilikosea mara tatu nikazisikia mwenyewe.

Hakucheka. Aliandika kitu, akanipa mkono. Barua itakuja au haitakuja.

Jumatano, 17 Machi

Hakuna barua.

Jumatatu, 22 Machi

Hakuna. Shefu anasema laini ya simu imekatika na mvua. Wapakiaji wameacha kuniita Mkunga, wamepata mwingine wa kumcheka. Nimeanza kujiandaa kwa daraja la tatu. Inauma, nakubali.

Ijumaa, 26 Machi

Barua imefika na treni ya saa tisa. Ni ya Kiingereza. Shefu alitaka nimtafsirie pale pale. Nilimwambia naomba ruhusa ya saa moja.

Nilitembea mpaka Mikelenge bila kuifungua. Matope, baiskeli, harufu ya mawese yanayochemka. Mama alikuwa uani na Ngalula, wanamenya karanga. Aliijua hatua yangu tangu barabarani, akapangusa mkeka kwa kiganja.

Niliketi mbele yake. Nikafungua bahasha. Nikaanza kusoma kwa sauti, kwa Kiingereza, kwa utaratibu kama alivyonifundisha. Mistari ya kwanza ni ya vyeo na shukrani, haisemi kitu. Hakuuliza maana. Alinyoosha mkono akauweka shavuni mwangu, akauacha hapo.

Nikaendelea. Nilipofika mstari wa nne, ule wa kazi yenyewe, nilihisi kiganja chake kikikaza, kabla sijaumaliza. Kina vumbi la maganda ya karanga.

Nilisoma mpaka sahihi. Ngalula alikuwa anatutazama sisi wawili. Mama akasema atafunga mizigo yake midogo mwenyewe, anakumbuka ni treni ipi ya kutufikisha Ndola, na kwamba katika mstari wa pili nimetamka neno moja vibaya.

Nikalirudia. Akaguna. Nikalirudia tena.